Mfupa ni Shahidi

Ukisafiri kwa barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, ukishapita Salgaa barabara huanza kupanda, hewa huzidi ubaridi, na mashamba ya viazi na mahindi hukutana na misitu. Katika mpando huo ndipo palipo Sachangwan. Msafiri mgeni huweza kupita asiligeuzie jicho, kwa kuwa hakuna jumba kubwa wala mnara wa ajabu wa kumsimamisha. Lakini wenyeji wa huko hawapasahau. Tarehe 31 Januari mwaka 2009 lori la mafuta lilipinduka hapo. Watu wakakusanyika kuteka petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukawaka ghafula, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Wengi waliungua hata ndugu zao wasiweze kuwatambua kwa sura, na wengi wakazikwa pamoja katika kaburi moja.

Katika msiba wa namna hiyo swali la kwanza huwa ni fupi na zito: Huyu ni nani? Sura imekwisha, nguo zimekwisha, sauti haipo. Kilichosalia ni meno na mifupa. Basi wataalamu huiuliza mifupa, nayo hujibu kadiri iwezavyo.

Swali hilohilo ndilo aulizalo mwanahistoria anapofukua kaburi la zamani. Na nchi hii ya Nakuru, Njoro, Molo na Elmenteita ni moja katika sehemu za Afrika ya Mashariki ambazo makaburi yake ya kale yamefukuliwa kwa wingi na kusomwa kwa muda mrefu. Ndiyo maana nakualika, msomaji, tuitazame mifupa: kwanza tujue imeumbwaje, kisha tusikie imesema nini juu ya watu waliotutangulia. Tena tutaona jambo la kutuonya: mfupa ni shahidi asiyesema uongo, lakini msikilizaji wake aweza kusikia vibaya.

Watu wengi hudhani kuwa mfupa ni kitu kikavu, kigumu, kisicho na uhai, kama jiwe au mti wa kujengea. Sivyo hata kidogo. Mfupa uliomo mwilini mwako wakati huu usomapo una damu, una mishipa, na una chembe hai zifanyazo kazi usiku na mchana. Chembe za namna moja hubomoa mfupa uliochakaa, na za namna nyingine hujenga mpya mahali pake. Hiyo ndiyo sababu mfupa uliovunjika, ukinyooshwa na kufungwa vyema, huunga.

Mfupa umejengwa kwa vitu viwili vikuu. Yapata theluthi mbili ya uzito wake ni madini, hasa kalisi na fosforasi, nayo ndiyo yaupayo ugumu. Sehemu iliyobaki ni maji na nyuzi za utomvu ziitwazo kolajeni, nazo ndizo ziupazo uwezo wa kupindika kidogo pasipo kukatika. Ukitaka kuyathibitisha haya, chukua mifupa miwili ya paja la kuku. Mmoja uloweke katika siki kwa siku kadhaa. Siki itayayeyusha madini, na utakapoutoa mfupa utaona unapindika kama ukambaa. Wa pili uutie katika moto wa makaa mpaka uwe mweupe. Moto utaziteketeza nyuzi, madini yatabaki, na mfupa utaonekana mzima; lakini ukiushika kwa nguvu utavunjika na kuwa unga. Ule wa kwanza umepoteza ugumu, na huu wa pili umepoteza wororo. Mfupa mzima unahitaji vyote viwili.

Ukiupasua mfupa mrefu kwa urefu wake utaona kuwa ukuta wake wa nje ni mzito, na vichwa vyake viwili ndani yake ni kama sifongo, vimejaa matundu madogo yaliyotenganishwa na vijiti vyembamba. Vijiti hivyo havikupangwa ovyo. Vimeelekea kule uzito wa mwili unakotoka, kama vile seremala apangavyo mihimili ya paa. Kwa namna hiyo mfupa huwa na nguvu bila ya kuwa mzito mno. Na ndani yake mna uboho, ambao baadhi yake ndiyo kiwanda cha damu yetu.

Pamoja na mfupa kuna gegedu. Lishike sikio lako ulikunje: kile kilicho kigumu kidogo lakini chakunjika ndicho gegedu. Limo puani, limo katika ncha za mbavu zikutanapo na kidari, limo baina ya pingili za uti wa mgongo, na limefunika vichwa vya mifupa katika viungo ili visisagane. Gegedu halina mishipa ya damu ndani yake, na kwa hiyo likiumia hupona polepole sana.

Lakini kazi kubwa ya gegedu ni ile ya utotoni. Tumboni mwa mama, sehemu kubwa ya kiunzi chetu kwanza huumbwa kwa gegedu, na baadaye hugeuka kidogo kidogo kuwa mfupa. Mtoto mchanga huzaliwa na vipande karibu 300, na mtu mzima ana mifupa 206, kwa kuwa vipande vingi huungana kadiri akuavyo. Karibu na kila ncha ya mfupa mrefu wa mtoto mna bamba la gegedu, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Bamba hilo likiisha kuwa mfupa mtupu, kimo hakiongezeki tena. Wahenga walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Hawakuwa wakifundisha elimu ya mwili, lakini neno lao lafaa hapa, maana chakula na maji ya utotoni hubaki yameandikwa mifupani mpaka uzeeni.

Kwa mabamba hayo mtaalamu huweza kukisia umri wa marehemu. Akiona mabamba ya goti bado hayajaungana, hujua kuwa huyu alikuwa kijana. Mtulinga, ule mfupa utokao kidarini kwenda begani, huchelewa kuliko yote. Ncha yake ya ndani mara nyingi haikamiliki mpaka mtu awe amepita miaka 20 na zaidi. Mifupa ya nyonga humwonyesha kama aliyezikwa ni mwanamume au mwanamke, kwa kuwa nyonga ya mwanamke ni pana zaidi kwa ajili ya uzazi. Fupa la paja, lililo refu kuliko yote, humpa kadirio la kimo. Alama za mahali misuli ilipojishika humwambia mkono upi ulifanya kazi nyingi. Naam, hata baada ya maelfu ya miaka.

Mfupa huandika hata maji tunayoyanywa, na watu wa Nakuru walijua jambo hili kwa mateso kabla ya kulijua kwa elimu. Bonde la Ufa limejengwa kwa mawe ya volkeno, na maji yapitayo katika mawe hayo mara nyingi hubeba floraidi nyingi. Kiasi kidogo cha floraidi huyafaa meno. Shirika la Afya Duniani limeshauri kisizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Visima vingi vya nchi hii hupita kiasi hicho. Mtoto anyweaye maji hayo meno yake humea na madoa ya hudhurungi, na wenziwe ugenini humcheka wakidhani hasugui meno. Mtu akiyanywa kwa miaka mingi, floraidi hujipenyeza katika madini ya mifupa. Mifupa huwa minene bali dhaifu, kano hukakamaa, na mgongo hukataa kuinama. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na dawa yake ni nini? Ajabu ni kwamba moja katika dawa zilizotumika Nakuru ni mfupa wenyewe. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 20 idara ya maji ya Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilishughulika na mitambo ya kuchujia maji kwa makaa ya mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa tanuuni kwa hewa kidogo, hupondwa ikawa chembechembe, na maji hupitishwa humo. Madini ya mfupa huivuta floraidi na kuishika, vilevile kama ambavyo yangeivuta ndani ya mwili wa mtu. Mfupa uliochomwa huipokea sumu kwa niaba ya mfupa ulio hai.

Sasa tuache maji, turudi katika moto na mifupa ya watu.

Mwaka 1938 Louis Leakey na mkewe Mary walichimba pango moja kando ya Mto Njoro, mbele ya Sachangwan ukielekea Nakuru. Ndani yake walikuta mabaki ya watu yapata 80, nao hawakuzikwa tu, bali walichomwa moto. Wachimbaji walikuta bakuli za mawe, michi na mawe ya kusagia, ikaonekana kuwa wafu walipewa vyombo hivyo, wanaume kwa wanawake. Walikuta na mamia ya shanga za mawe ya rangi. Moto uliokula miili ndio huohuo uliovihifadhi vitu ambavyo kwa desturi huoza: chombo cha mti kilichochorwa kwa ufundi na vipande vya kibuyu viligeuka makaa, na makaa hayaozi. Baadaye, elimu ya kupima umri wa vitu kwa kaboni ilipopatikana, ilijulikana kuwa mazishi hayo yalifanywa yapata miaka 3,000 iliyopita.

Kumbuka jaribio letu la mfupa wa kuku, msomaji. Mfupa uwakao huwa kwanza mweusi, kisha wa kijivu, na moto ukizidi huwa mweupe. Tena hupasuka na kusinyaa. Basi mtaalamu akiona rangi na nyufa za vipande vya pango lile anaweza kukisia ukali wa moto. Jambo linginelo hahitaji chombo cha kulipima. Watu waliofanya kazi ya kukusanya kuni, kuchoma, na kumwekea marehemu bakuli lake na shanga zake, hawakuwa wakitupa mizoga. Walikuwa wakiagana na jamaa zao.

Watu hao walikuwa wafugaji. Walichunga ng'ombe, kondoo na mbuzi katika nyika za Bonde la Ufa na kwenye miinuko ya Mau, na visu vyao vikali walivichonga kwa jiwe jeusi la kioo cha volkeno walilolitoa katika mlima Eburru. Kabla yao nchi hii ilikuwa na wawindaji na wavuvi. Katika pango liitwalo Gamble's Cave, karibu na Elmenteita, Leakey alikuwa amekwisha kufukua mifupa ya watu waliozikwa wamekunjwa, katika safari zake za uchunguzi za miaka ya 1926 hadi 1929. Na mwaka 1937 na 1938 Mary Leakey alichimba Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi, karibu na mji wa Nakuru. Hapo alikuta makaburi ya wafugaji wa kale, na akaona kuwa sahani za mawe zilikuwa zimewekwa pamoja na wanawake. Alijuaje? Kwa mifupa yao. Kilima hicho kililindwa kwa sheria tangu mwaka 1943, na jumba lake la makumbusho likafunguliwa mwaka 1965. Ukienda Nakuru usikose kukitembelea.

Hata hapa shahidi amesema kweli. Sasa sikiliza jinsi alivyosikiwa vibaya.

Louis Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903, akaipenda nchi hii, na kazi yake imeifaa elimu ya dunia nzima. Lakini alikuwa mtu wa wakati wake. Mwaka 1935 alitoa kitabu juu ya jamii za watu wa Zama za Mawe katika Kenya. Alikuwa ameyapima mafuvu ya Gamble's Cave, ya Elmenteita na ya Nakuru, urefu kwa upana, pua na taya, akahukumu kwamba wenye mafuvu hayo hawakuwa wa jamii ya Waafrika weusi. Siku zile wataalamu wengi wa Ulaya walishika fundisho kwamba kila jambo jema katika historia ya Afrika, kama ufugaji au ujenzi, lililetwa na jamii ya kigeni yenye asili ya nje, na kwamba Mwafrika alikuwa mpokeaji tu. Wakaitafuta jamii hiyo katika mafuvu, na atafutaye kwa macho yaliyokwisha kuamua huona akitakacho. Fikiri matokeo yake. Nchi ilikuwa imetwaliwa na walowezi, na sasa hata wafu wa kale walikuwa wanatwaliwa.

Mafuvu yenyewe hayakubadilika. Yalikaa makabatini yakingoja. Mwaka 1975 mtaalamu wa Marekani, Philip Rightmire, aliyapima upya kwa hesabu zilizo kamilifu zaidi, akayalinganisha na mafuvu ya Waafrika wa sehemu mbalimbali, na hakuona sababu ya kuwatenga watu hao na Waafrika. Kisha mwaka 2019 ukatolewa uchunguzi mkubwa zaidi. Wanasayansi walichukua unga kidogo kutoka katika mifupa na meno ya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, wakasoma vinasaba vyao, yaani maandishi ya urithi ambayo kila mtu huyapata kwa wazazi wake. Katika nchi za joto vinasaba huharibika upesi. Mahali panapovihifadhi vyema ni ule mfupa mgumu mno ulizungukao sikio la ndani. Miongoni mwa watu hao walikuwamo waliozikwa Hyrax Hill, na hata katika pango la Molo, jirani kabisa na Sachangwan.

Vinasaba vilisema nini? Vilisema kwamba wafugaji wale wa kwanza hawakuwa wa asili moja. Baadhi ya wazee wao walikuwa na udugu na watu wa Sudan ya leo. Wengine walikuwa na udugu na watu wa kaskazini mwa Afrika na nchi za Mashariki ya Kati. Na walipofika huku walioana na wawindaji waliokuwa wenyeji wa hapa. Baadaye wakaja wengine. Katika shamba la Deloraine, upande wa Rongai, alizikwa mtu wa yapata miaka 1,200 iliyopita, wa zama za chuma na kilimo, ambaye urithi wake umefungamana na wa watu wasemao lugha za Kibantu. Basi tukubali ukweli wote: mtaalamu wa 1935 hakukosea alipohisi kuwa wengine walitoka kaskazini. Alikosea alipodhani kuwa kuna jamii safi zinazoweza kutengwa kwa kupima pua, na kwamba Mwafrika hakuwa na sehemu katika mambo hayo.

Unaweza kuniuliza: Mambo ya miaka 3,000 yananihusu nini mimi? Yanakuhusu sana. Katika nchi hiihii ya Molo, mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani walichomeana nyumba, wakafukuzana na kuuana, na moja ya hoja zilizotumika kuwachochea ilikuwa nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Laiti hoja hiyo ingepelekwa mbele ya mifupa ya pango la Molo! Ingejibiwa kwamba hapa wamekuja watu baada ya watu, kwa mifugo, kwa majembe na kwa mikuki, na kwamba kila waliofika walikuta wengine, wakaoana nao, nao wakawa wazazi wa waliofuata. Mfupa wa paja hauna kabila. Chukua mifupa ya majirani wawili waliochukiana, uiweke mezani mbele ya bingwa wa elimu hii. Atakuambia umri wao, kimo chao, magonjwa yao na hata maji waliyoyanywa. Lakini hataona mahali palipoandikwa ni nani kati yao mwenye haki zaidi ya kuishi hapa.

Sasa turudi Sachangwan tulikoanzia. Wale waliozikwa pamoja mwaka 2009 walikimbilia petroli, wengine kwa tamaa, wengine kwa umaskini, wengine kwa kutazama tu, na moto haukuwauliza majina. Ndugu zao walisimama kando ya kaburi moja, kama vile watu wa Mto Njoro walivyosimama mlangoni mwa pango lao. Hawa wa kale walikuwa na mabakuli na shanga za kuwawekea wafu wao. Sisi tuna elimu, nayo ni sadaka bora kama ikitumiwa vyema: elimu ya kumtambua aliyeungua ili arudishiwe jina lake, elimu ya kuchuja maji ili mgongo wa mtoto usikakamae, na elimu ya kuisoma historia bila ya kumnyang'anya mtu babu zake.

Weka mkono wako juu ya kidari, msomaji, uisikie mifupa yako mwenyewe chini ya ngozi. Hiyo ndiyo itakayobaki baada yako. Ilinde kwa chakula chema, maji safi na kazi ya viungo. Na ukikutana na mifupa ya mwingine, iwe kaburini, iwe katika kabati la makumbusho, isikilize kwa heshima na kwa moyo usiokwisha kuamua. Kwani siku moja nawe utakuwa shahidi wa aina hiyo, na utapenda usikiwe vizuri.